Neno Kwenye Safu ya Wadudu

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu za amani, wewe na wifi yangu na watoto wote wanne, kila mmoja kwa kimo chake. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto limegoma kabisa kwenye sijida, la kulia linafanya kazi ya wawili bila kulalamika. Mwanangu yuko kwenye karakana yake ya kuchomelea, nyusi zimeungua tena. Na mkewe, haya kaa chini kwanza, ana mimba ya miezi mitatu. Nitaitwa bibi! Nimelia, nimecheka, nimeswali rakaa mbili, kisha nimelia tena.

Nakuandikia barua kwa sababu ulisema simu ya hapo stoo kwenu ni ya watu wote, na mimi nikianza kuongea unanijua.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoondoka ghafla vile, kamati ya maji ilikosa mtu wa kupima kijito. Wakanijia mimi: "Wewe ni dada yake, mkono utakuwa mmoja." Nimekubali. Kila Jumatano nashuka na ndoo yenye vifaa vyako: lile bomba refu la plastiki lenye duara jeusi na jeupe chini, zile karatasi za kuchovya zinazobadilika rangi, wavu, na sahani nyeupe. Napima kule juu, kabla kijito hakijapita kiwanda cha ngozi. Napima darajani, chini kidogo ya kiwanda. Kisha napima pale penye mawe, watu wanapochota. Nikimimina maji ya pale penye mawe ndani ya bomba, duara naliona mpaka bomba linajaa. Maji kama machozi!

Kitabu chako ndicho mwalimu wangu. Naandika ulivyoandika. Kwenye safu ya wadudu, tangu Juni mwaka jana, umeandika "kimya" darajani na penye mawe, wiki baada ya wiki. Nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka marehemu mama. Baba akirudi safari akauliza, "Watoto vipi?", mama anajibu, "Kimya," yaani wameshiba, hawana homa, wamelala. Basi na mimi naandika kimya. Maji yasiyo na mdudu, nani asiyeyataka?

Kitabu bado tunakiweka kwenye kabati la ofisi ya getini pale kiwandani, kwa kuwa kamati haina ofisi. Yule msimamizi wao tunayemwita Mpole ananifungulia kabati mwenyewe. Anakusalimu sana.

Nijibu mapema, maana nina maswali ya zile karatasi.

Dada yako

2 Machi

Dada yangu mkubwa,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nane kama hirizi. Nimeifungua taratibu isichanike, nikaisoma kwa sauti, na watoto wakacheka pale kwenye goti. Wa tatu amepoteza jino la mbele, anapiga mluzi kila akisema "asante". Wifi yako anashona mapazia ya watu. Tuna vyumba viwili na dirisha linalotazama ukuta wa stoo, kwa hiyo hata nikiwa nyumbani niko kazini. Kazi si mbaya. Napokea mizigo, naandika, natia sahihi.

Hongera, bibi mtarajiwa. Mwambie mkwe wetu asishuke kijitoni. Mawe yale yana utelezi, na mwanamke mwenye mimba hafai kuwa kwenye utelezi. Achote kwenye bomba la shule, hata kama ni mbali. Mwambie ni mimi nimesema, na kwamba mimi ndiye mjomba, kwa hiyo hakuna mjadala.

Karatasi za kuchovya, hesabu polepole mpaka kumi ndipo utazame rangi.

Kuhusu kitabu sina la kuongeza. Kazi ile wangempa mtu mwingine, wewe una mambo mengi. Kama unaweza kuiacha, iache. Mpole ukimwona mrudishie salamu, ila usikae naye sana kwenye mazungumzo.

Mungu akulinde.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa huyo mwenye mluzi zaidi. Hapa tumepata mvua. Mkwe wetu sasa anakula chaki. Nazificha, anazipata. Mwanangu anasema mtoto atazaliwa tayari ni mwalimu.

Barua hii nimeianza mara tatu. Nisikilize.

Katikati ya mwezi alikuja afisa wa maji, mgeni kazini, viatu bado vinang'aa. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye safu ya wadudu. "Mama, hii kimya maana yake nini?" Nikajibu kifua mbele, Mpole na kamati nzima wakisikia: "Maana yake hakuna shida, mwanangu. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyosema." Akaandika hivyo hivyo. Siku ya tatu pale penye mawe ukasimamishwa ubao wa bluu: MAJI YAMEPIMWA. HAYANA SHIDA. Walinipiga picha nimesimama karibu yake.

Jumatano iliyofuata nikamkuta mwalimu wa sayansi wa pale shuleni kule juu, suruali kaikunja mpaka magotini, anageuza mawe. Akaniita nione. Chini ya jiwe moja tu kulikuwa na vitoto vya kereng'ende, konokono, na wadudu wanaojijengea vijumba vya mchanga, vidogo kama punje ya mchele. Nilisema, "Uchafu gani huu!" Akacheka sana. Tukashuka darajani. Jiwe la kwanza tupu. La tano tupu. Kufika la ishirini alikuwa hacheki tena.

"Mama, umewahi kugeuza mawe hapa?"

"Ya nini? Kitabu kinasema kimya."

"Hawa wadudu huishi kwenye maji mazima. Wakiisha wote namna hii, kuna kitu kwenye maji kinachowaua."

"Lakini ni meupe, mwalimu!"

"Meupe, ndiyo. Angalia mawe. Hata ule utelezi wa kijani haupo."

Mdogo wangu, mimi nilifundishwa madrasa kwamba maji hujulikana kwa rangi, ladha na harufu. Haya hayajabadilika hata kimoja. Nimetawadhia hapo tangu Februari. Sasa nikiingiza mkono ndani nauona kama si wangu.

Nilimkimbilia yule afisa nikamwambia nimekosea. Akanitazama kwa huruma, lakini ya ofisini. "Mama, maana ya neno ulinipa wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kitabu kina karibu mwaka mzima wa kimya, na zaidi ya nusu hukuandika wewe. Aje aliyeandika, aseme alimaanisha nini, kwa maandishi na sahihi. Bila hivyo ubao siwezi kuugusa." Nikarudi nyumbani nimwambie mkwe asichote pale. Ndiyo, alikuwa anachota, mambo yako ya utelezi aliyacheka. Akaniambia, "Mama, si wewe uliyepima?"

Sasa anachota shuleni. Lakini wengine wote wanausoma ubao na kutumbukiza ndoo.

Nakuuliza, na Mungu anatusikia: uliposema kimya ulimaanisha nini?

Dada yako

9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wiki sita sasa sijapata jibu. Nimempigia wifi yangu, simu haipatikani. Nikajipa moyo kwamba barua imepotea, nikaenda posta, wakanionyesha kitabu chao: imepokelewa, na sahihi ni yako, ile yenye mkia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na ni saa tano asubuhi. Sijui nafunga kwa sababu gani.

Wanawake watatu wa pale penye mawe wana vidonda mikononi. Wanasema ni sabuni. Naomba iwe sabuni. Bata wa jirani, wale ambao hata uwapige fagio hawasikii, siku hizi wanafika ukingoni, wanasimama, wanarudi. Nimewasimamia nikawaangalia siku mbili. Mwanangu aliniuliza, "Mama, sasa unachunga bata?" Mkwe alikwenda kliniki, muuguzi akapima tumbo, akapima tena, akasema mtoto ni mdogo kwa miezi yake. "Tutaendelea kuangalia," akasema. Mimi neno "kuangalia" silipendi tena.

Watu nawaambia wasichote. Wananionyesha ubao. Mmoja akaniambia, "Shangazi, au umegombana na kamati?"

Kuna jambo sikulisema. Barua yako ya Machi uliiandika nyuma ya fomu ya kupokelea mizigo. Juu umechana, lakini chini mhuri umebaki nusu: pembe ya mbuzi na sikio moja. Mhuri huo nauona kila Jumatano kwenye kabati la Mpole. Sikuuliza. Nilijisemea, huenda ni mbuzi mwingine.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana, nitukane nijue upo.

Dada yako

28 Mei

Dada,

Si mbuzi mwingine.

Nisamehe kwa kuanza bila salamu. Nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, kama nilivyofanya mara nne.

Juni mwaka jana niligeuza mawe darajani, na pale penye mawe pia. Hakikutoka kitu. Nilirudi siku tatu mfululizo. Kitabu kinalala kwenye kabati lao, na najua Mpole anakisoma. Nikiandika wadudu wamekufa wote, nimewashtaki watu ndani ya nyumba yao. Nikiandika wapo, nimesema uongo. Nikaandika kimya. Niliona nimepata neno lisilonitia hatiani huku wala kule. Nilijiambia, ipo siku atakuja mtu mwenye akili, neno litamshtua, atauliza. Sikuwaza kwamba atakayekuja ni wewe, na kwamba wewe katika watu wote ndiye utakayelisoma kwa sauti ya mama.

Aliyeshtuka wa kwanza ni Mpole. Alinikuta darajani. Hakunitisha, dada, hilo ndilo siwezi kumweleza mtu. Aliniuliza watoto wangu wanasoma wapi. Kabla sijajibu akawataja yeye, shule na darasa, wote wanne, na yule wa tatu akamtaja hadi dawati analokaa. Wiki iliyofuata akaniletea kazi hii, tawi lao la mbali, na nyumba juu yake. Nilifungasha siku ileile. Utelezi niliomwandikia mkwe ulikuwa ndio mwisho wa ujasiri wangu. Alipoucheka alikuwa na haki, ulikuwa uongo.

Nyumba tunayolala ni yao. Shule ya watoto ni yao. Mlinzi wa hapa anajua barua zangu zinatoka wapi, nadhani. Kuandika na kutia sahihi siwezi. Sema ulikosea wewe. Wewe watakusamehe, ni mama wa watu na mtu wa dua.

Hii ichome ukishaisoma.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa wifi, na kwa wote wanne. Sikuichoma. Nimeishona ndani ya mto ninaolalia, na sasa nalala kama mtu aliyelalia mwiba.

Juzi Alhamisi, baada ya alasiri, Mpole alikuja hapa nyumbani. Hajawahi kuja. Alibisha hodi vizuri, akavua viatu mlangoni.

"Dada, nasikia siku hizi unageuza mawe. Na hilo goti!"

"Goti ni langu, baba."

"Ni lako, ni lako." Akacheka. "Na mkwe hajambo? Miezi saba sasa, siyo? Namwonaga anakaa ule mlango wa nyuma, anachambua mchele. Mahali pazuri, pana upepo."

Mlango wa nyuma hauonekani kutoka barabarani.

Nilisema ndiyo. Nikamshukuru kwa kuja. Nikampa chai, mdogo wangu! Nikamuuliza kama sukari inatosha. Alipoondoka nilikuta nimevuruga kitambaa cha meza mpaka nyuzi za pembeni zimeng'oka, na mkwe ananiuliza, "Mama, yule nani, mbona mpole hivyo?"

Jumamosi ya tarehe 28 kuna mkutano wa maji, darasani pale shuleni. Nitasimama niseme nilikosea mimi, na ni kweli nilikosea. Lakini wataniuliza aliyeandika kabla yangu alikosea pia? Hapo sina jibu ninaloweza kulisema kwa kinywa changu. Afisa ataomba sahihi, sina. Ubao utabaki. Wataendelea kunywa.

Sitakutaja. Nimekulea mgongoni, siwezi kukuuza. Na sikulaumu. Mtu aliyempa Mpole chai atamlaumu nani?

Niombee nisimame mpaka mwisho wa sentensi.

Dada yako

24 Juni

Dada yangu,

Dereva wa basi anakuletea hii mkononi. Sikuitia posta. Ndani kuna karatasi ya pili, ndiyo ya kusomwa. Nimeiandika hivi:

"Mimi niliyepima kijito kabla ya dada yangu nasema kwamba neno kimya kwenye safu ya wadudu, kuanzia Juni mwaka jana, lina maana hii: niligeuza mawe na sikukuta kiumbe hai hata kimoja, darajani na wanapochota watu. Kule juu ya kiwanda walikuwepo. Sikuandika wazi kwa sababu niliogopa. Bado naogopa."

Sahihi nimeiweka, na dole gumba pia, wasije wakasema umeiga. Isome yote. Ule mstari wa mwisho usiuruke ukidhani unanisitiri.

Nilimsomea wifi yako barua yako ya chai. Akashusha masanduku kutoka juu ya kabati. Tunatoka humu kabla hawajatutoa. Tutakuwa kwa mjomba wake mpaka tarehe kumi. Niandikie huko, kisha sijui.

Watoto nimewaambia ni likizo. Mkubwa hakuamini.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa wote ulio nao hapo kwa mjomba, na umshukuru kwa niaba yangu. Mkwe hajambo. Muuguzi anasema mtoto anacheza, lakini bado mdogo. Kujifungua ni Agosti. Nilimuuliza kama kilichoingia kinaweza kuwa kimetoka, akaniambia hajui. Nilimpenda kwa kutonidanganya, kisha nikaenda nje nikakaa.

Nilisoma. Darasa lilijaa, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Kwanza nilieleza kosa langu, kwamba nilidhani maji bila wadudu ndiyo maji safi. Walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Bibi wa wadudu!" Nikacheka nao, kicheko kikanisaidia kusimama. Kisha nikaifungua karatasi yako. Mstari wa mwisho niliurudia mara mbili ili usikike.

Afisa aliichukua, akaipindua, akatazama dole gumba lako muda mrefu. Akasema twende. Tulishuka wote. Yeye na mwalimu waliingia majini darajani na viatu vyao, wakageuza mawe mbele ya watu, wakayapanga ukingoni moja moja, tupu, tupu, tupu. Afisa amechukua chupa sita za maji kupeleka maabara. Majibu bado. Ubao aliufungua mwenyewe kwa spana ya mwanangu, na sasa hakuna anayechota pale. Kitabu kinalala kwa mwalimu.

Mpole alikuwepo, dawati la nyuma, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakati wa kutoka akanipisha mlangoni. "Umesoma vizuri, dada," akasema. Halafu akauliza, kwa sauti ileile, mnafika lini.

Sijamwambia mtu yeyote kwamba mnakuja. Hata wewe sijakuambia. Basi nakuambia sasa: njooni. Chumba cha nyuma nimekitoa vyombo, mkwe amehamia cha mbele karibu na mimi, watoto watalala sebuleni watakavyojipanga.

Nimefikiria sana mje kwa njia gani. Nilitaka kuwaambia mshuke mapema mpite mashambani. Nimeghairi. Mkija kwa kujificha, watajua wao wa kiwandani tu kwamba mmefika, na likiwapata jambo watajua wao tu. Tarehe tisa, pandeni lile basi linalofika saa sita mchana. Linashusha mbele ya geti la kiwanda. Shukeni hapo hapo, wote sita, na masanduku yenu, mbele ya macho ya kila mtu. Watoto uwashike mikono.

Wanawake kumi na mmoja wa pale penye mawe wameniahidi kuja kusimama nami ng'ambo ya barabara kuwapokea. Nadhani watakuja wanne. Mwanangu atakuja na mkokoteni. Mimi nitakuwa hapo tangu saa nne.

Nitakuwa natetemeka, hilo nakuambia mapema, usije ukaniona kupitia dirisha la basi ukadhani kuna jambo limetokea ukaendelea na safari. Hakuna jambo. Ni kutetemeka tu. Wewe shuka.

Dada yako